Baba Alivyochuja Mramba wa Posa

Kukamua ndizi kila mwanamume wa Igurwa aliweza. Miguu kila mtu anayo. Kuchuja ndiko kulikowashinda, na nasema hivi bila kuogopa kumkera mtu, maana wengi ambao wangekereka wameshatangulia. Nimeonja rubisi, yaani pombe za ndizi, za nyumba nyingi zilizokuwa na vipande vya nyasi vya kukwama kwenye meno, na kapi za mtama za kukukwaruza koo mpaka unakohoa mbele za wakwe. Wenyeji walicheka tu, wakatema pembeni, wakaendelea kunywa. Kwa baba yangu hukutema kitu.

Nyumba yetu ilikuwa katikati ya kibanja, shamba letu la nyumbani, migomba mbele, migomba nyuma, na mibuni imejibanza katikati yake. Mtumbwi wa pombe ulikaa nyuma ya nyumba, penye kivuli. Si mtumbwi wa ziwani. Ni gogo refu lililochimbwa tumbo, na wanaume waliingia humo na miguu iliyosuguliwa ikatakata, wakakanyaga. Ndizi za pombe hatukuzila. Zilikatwa zimekomaa, zikapangwa kwenye dari juu ya jiko zipate moshi na joto, na zilipoiva nyumba nzima ilinukia hata ukilala unaota unakula. Sisi wasichana tulipanda kilimani kukata nyasi ndefu, kwa sababu ndizi hukanyagwa pamoja na nyasi. Nyasi zinashika nyama, maji yanatoka. Maji hayo ndiyo mramba, na sijaona soda ya kuufikia. Watoto tulipewa wa kwetu hapo hapo, kabla haujatiwa kitu, tukanywa mpaka matumbo yakawa ngoma.

Halafu ndipo unatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, unafunikwa kwa majani ya mgomba, unaachwa ulale kwenye joto. Ukiamka si mramba tena. Unachemka wenyewe bila moto, unatoa povu na harufu ya kumwita jirani. Hiyo sasa ni rubisi.

Baba alichuja mara mbili, kabla ya mtama na baada ya mtama, na nyasi za kuchujia hakumwachia mtu kuzichagua. Alitaka nyembamba, zisiwe kavu za kuvunjika wala mbichi za kutoa uchungu. Alizisuuza, akazipinda na kuzizungusha mpaka zikawa kama kiota cha ndege, akazishindilia ndani ya kibuyu kidogo kilichokatwa kitako. Alikigeuza shingo chini juu ya mtungi, akamimina kidogo, akangoja. Wenzake walimimina kama wanaofukuzwa. Kiota kilipojaa kapi hakukikamua kwa mkono hata siku moja. Alisema ukikamua unaurudisha uchafu ule ule ulioutoa. Alikitupa kwenye migomba, akasuka kingine, na wanaume waliokuwa wakingoja na mirija yao mikononi walimlalamikia kwa utani kwamba ametumwa na wake zao awacheleweshe.

Nilipenda sana siku hizo. Nilipenda kelele za watu waliokuja bila kualikwa, nyasi mpya zilizotandazwa sakafuni, na sauti ya mramba unaodondoka mtungini, kwanza nzito, kisha nyembamba kadiri mtungi unavyojaa. Mama alinung'unika kwamba tunalisha kijiji, lakini alinung'unika huku akitafuta kibuyu cha kumwekea kaka yake.

Kisha baba akaokoka.

Miaka ile uamsho ulikuwa umeingia Karagwe, na walokole walikuwa wakipita nyumba hadi nyumba wakiimba, wakikumbatiana, wakisimama mbele za watu na kutaja dhambi zao kwa sauti. Mtu aliyeiba mkungu wa ndizi zamani aliurudisha akilia. Baba alikwenda siku moja kusikiliza, akarudi ametulia kama mtu aliyetoka kuoga. Kitu cha kwanza alichoacha kilikuwa pombe, kuinywa na kuipika. Wenzake waliookoka walipasua mitumbwi yao kwa mashoka wakafanya kuni. Baba aliugeuza wa kwetu ukalala kifudifudi, basi. Ndugu zake wa kanisani walipomuuliza mbona haupasui, alisema ng'ombe watalambia chumvi. Hatukuwa na ng'ombe.

Sitamsingizia, aliokoka kwa kweli. Aliacha kumpigia mama kelele. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kidole kikitembea chini ya maneno, na kwa sababu alikuwa mkweli mno watu wa ushirika wa waliookoka wakamfanya kiongozi wao. Akawa anakaa mbele, kwenye benchi moja na mwalimu wa kanisa, na mtu akigombana na mkewe aliletwa kwake. Mama alisema yeye anaokoka polepole, asiharakishwe. Lakini nyumba ilipoa. Majirani walipita njia ya juu. Jioni baba aliketi kizingitini akitazama migomba, na mimi niliona wivu kwa nyumba za wasiookoka zilizokuwa na kelele.

Ndipo akaja fundi.

Alikuwa kijana wa Mabira, seremala, amekuja na wenzake kuezeka kanisa letu. Alikuja kwetu kuomba maji ya kunywa, akarudi kuomba tena, mpaka mama akauliza kama huko kanisani wanalambishwa chumvi. Hakuwa msemaji. Alinitengenezea mwiko, mzuri mno kwa kusongea ugali, nikauficha chini ya mkeka wangu kwa sababu ukionekana ungeulizwa. Kazi ilipokwisha alirudi kwao, na baada ya mavuno ya kahawa akamtuma mshenga. Mimi nilikuwa nimeshakata shauri siku nyingi. Nilimtaka huyo, na sikuwa na wa pili.

Baba alimpenda. Watu wa fundi walikuwa Wakristo wa kanisa letu, ila wa Jumapili tu. Siku nyingine walikunywa kama watu wengine. Hilo halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kibuyu. Kwetu posa haikufungwa kwa maneno. Baba wa mvulana analeta rubisi, anaionja yeye kwanza, kisha baba wa msichana anavuta mrija. Akimeza, binti ana mwenyewe. Asipomeza, hata mngekuwa mmeelewana mwaka mzima, hakuna kitu.

"Tone la rubisi halipiti mlangoni kwangu," baba alimwambia mshenga. "Walete watu wako, na walete mramba. Mramba mtupu, usiotiwa mtama. Nitaunywa kwa mkono huu."

"Waitu, mzee wangu, mramba ni wa watoto," mshenga alisema. "Nitamwambiaje mzee yule abebe kinywaji cha watoto kutoka Mabira mpaka Igurwa? Watu njiani watamuuliza anakwenda kumwachisha nani ziwa."

"Mwambie anakwenda kuchukua binti yangu."

Mshenga alikwenda, akarudi baada ya majuma kadhaa. Baba yake fundi alikuwa amekataa, amefoka, amelala juu ya hasira yake, na mwishowe mwanawe akamsihi mpaka akalegea. Lakini alituma neno lake, na mshenga alilitoa lote bila kulilainisha: atakuja na mramba kama alivyoambiwa, atakuja mara moja, na kama baba atakataa kukinywa alichobeba, kibuyu chake hakitarudi Igurwa tena.

Baba alifurahi. Alisimama kwenye ushirika akawaeleza kwamba binti yake ataposwa bila pombe, jambo ambalo kwetu hakuna aliyewahi kuliona, na akawaalika waje kushuhudia. Ndugu waliimba. Mwalimu wa kanisa alimshika mkono kwa muda mrefu. Mwalimu huyu alikuwa mtu wa upande wa Bukoba, amelelewa misheni tangu utoto, na pombe hajapata kuigusa hata kwa ulimi. Mtu mwema, ila alikuwa na haraka ya kuona mambo yote yamekwisha kuwa mazuri. Mama alipokuwa akinisuka nywele jioni ile alisema, "Baba yako ameita kanisa zima kuja kutazama kibuyu. Ingetosha kuita majirani."

Mabira walikamua kwa uangalifu mkubwa. Hayo niliyajua baadaye. Baba yake fundi, kwa vile alikwisha kujikabidhi kwenye aibu, aliamua aibu yenyewe iwe safi: ndizi zilizoiva sawasawa, nyasi mpya, na mtama ukafungiwa mbali asije mtu akautia kwa mazoea. Mramba ukajazwa kwenye vibuyu bora vya nyumba, vile vya wageni, ambavyo vilikuwa vimebeba rubisi tangu enzi za babu. Nani angeweka mramba wa posa kwenye kibuyu kibichi kisichopikwa na moshi? Hakuna aliyefikiria chachu iliyobaki ndani. Kibuyu kizuri ni kile kilichozoea.

Njia ni ndefu, wakalala kwa jamaa yao. Huyo jamaa alikuwa mtu wa heshima. Alipoona vibuyu vya posa vinaingia nyumbani kwake alivipokea kwa mikono miwili na kuviweka mahali pa heshima, karibu na jiko, akavifunika kwa majani ya mgomba visipate baridi ya usiku. Ndivyo inavyofanywa. Ndivyo baba yake alivyofanya na babu yake alivyofanya, kwa sababu posa iliyopoa ni aibu kwa nyumba iliyoilaza. Hakuna aliyemwambia safari hii ni mramba, na kama wangemwambia nadhani angevifunika vile vile. Wageni wakaenda kulala wakimsifu.

Walifika kwetu jua likiwa limeegemea. Mimi nilikuwa ndani na mama, nyuma ya ukuta wa matete unaogawa nyumba, na kupitia nafasi za matete niliona kila kitu. Ndugu wa kanisa walikuwa wameketi upande mmoja juu ya nyasi mpya, mwalimu wa kanisa katikati yao. Wageni wakaketi upande wa pili. Fundi alikuwa nyuma ya wajomba zake, amevaa kanzu iliyomzidi mabega, anatazama mikono yake. Baba yake alikuwa mtu mnene, amevaa kofia ya sufu na uso wa mtu anayesubiri kutukanwa. Wakaamkiana, wakaulizana habari za njia, mvua, kahawa, na wagonjwa. Kisha mshenga akasogeza kibuyu kikubwa mbele ya baba.

Kizibo chake kilikuwa cha jani la mgomba lililokunjwa. Kabla hakijaguswa kiliruka chenyewe.

Haikuwa sauti kubwa. Kilitoa mlio wa mtu anayefyonza, kikaangukia nyasi, na povu jeupe likapanda taratibu kwenye shingo ya kibuyu na kuteremka ubavuni. Harufu ikafuata. Mama alinishika mkono, kucha zikaingia. "Mawe, mama yangu!" akanong'ona. "Umegeuka pombe."

Kila mtu aliyepata kunywa rubisi ndani ya nyumba ile alijua. Wale ndugu waliookoka kutoka kwenye ulevi walijua kwanza. Niliwaona wakiinamisha vichwa mmoja mmoja, na mmoja akajifuta midomo. Wageni walijua. Baba yake fundi alikitazama kibuyu kama mbwa wake mwenyewe amemuuma. Angesemaje? Angesema si rubisi, angeitwa mwongo mbele ya pua za watu. Angesema ni rubisi, angekuwa amemtukana mwenye nyumba mlangoni kwake. Fundi aliinua uso kwa mara ya kwanza na kuutazama ukuta wa matete, mahali hasa nilipokuwa, ingawa hakuweza kuniona. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga mtu.

Mwalimu wa kanisa peke yake ndiye aliyekuwa anatabasamu. Aliona povu, akadhani ndivyo mramba ulivyo.

Baba alikuwa ameinama kidogo tu juu ya kibuyu, na najua hakuhitaji kuonja. Kwa pua yake angeweza kusema umelala wapi na umbali gani kutoka kwenye moto. Kama angesema, "Huu umegeuka, rudini nao," angekuwa mkweli, na ndugu wangemsifu, na watu wa Mabira wangenyanyuka pale pale. Nilihesabu pumzi zangu.

"Una taka taka," baba akasema. "Leteni nyasi."

Mama aliniangalia. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikaenda kwenye tita la nyasi zilizobaki za kutandaza, nikachagua. Nyembamba, si kavu za kuvunjika, si mbichi za kutoa uchungu. Nilizisuuza kwenye maji ya mtungi, nikampa mama, mama akazipitisha. Baba alizipokea bila kuuliza zimetoka kwa nani, akazipekua kwa kidole gumba, na niliona bega lake likishuka kidogo, kama mtu aliyeketi baada ya kusimama sana.

Hakuwa amechuja chochote tangu aokoke. Nilidhani mikono imesahau. Ilipinda nyasi, ikazizungusha, kiota kikatokea kama kilikuwa humo siku zote. Mama alitoa kibuyu kilichokatwa kitako kutoka sijui wapi. Yeye naye alikuwa na vitu alivyokataa kuvipasua. Baba akashindilia, akageuza, akamimina kidogo, akangoja. Tulisikia tone moja moja likiingia mtungini. Povu lilibaki juu ya nyasi. Chini ulishuka mramba mweupe, safi, wa kupendeza macho.

Nimefikiria mara nyingi kwa nini alichuja. Nyasi hazichuji ulevi, na katika Igurwa yote hakukuwa na mtu aliyelijua hilo kumzidi. Nadhani alihitaji kazi ya mikono wakati moyo ukiamua. Na labda, nikisema ukweli wangu, alikuwa amekumbuka raha yake, kwa sababu alipobadilisha kiota cha kwanza na kuanza kusuka cha pili niliona anauma ulimi kwa pembeni, kama alivyokuwa akifanya zamani watu wakimtania. Nililia wakati huo, si kabla. Nililia kwa kumwona baba niliyemjua zamani ameketi pale mbele ya kanisa zima.

Alipomaliza, baba yake fundi alionja kama desturi inavyotaka. Kisha mrija ukaletwa kwa baba.

"Ni mramba, ndugu?" mwalimu wa kanisa aliuliza, kwa furaha tu, kama mtu anayeuliza jibu analolijua.

Baba aliinama, akavuta. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Akavuta tena. Akakaa wima, akajifuta midomo kwa kiganja.

"Ni mramba," akasema.

Wanawake wakapiga vigelegele. Mama alipiga chake kwa nguvu kuliko wote, karibu na sikio langu, nikasikia kengele mpaka kesho yake. Baba yake fundi alivua kofia akaiweka gotini, na tangu dakika ile hakumtazama baba yangu isipokuwa kwa heshima. Na kwa kuwa ulikuwa mramba, ikabidi ndugu nao wapewe. Waliojua walinyonya kidogo, macho chini, wakasema wameshiba. Mwalimu wa kanisa alikuwa na kiu ya njia. Alikunywa, akasifu, akaomba tena, akasema mramba wa Mabira una nguvu kuliko wa kwao Bukoba, na wakati wa kuimba alianzisha wimbo juu sana hata hakuna aliyeweza kumfuata. Alirudi kwake akiwa ameshikana mikono na mashemasi, anawapenda wote.

Mimi nilicheka na mama usiku ule mpaka mbavu zikauma. Baba hakucheka. Hakula vizuri siku zilizofuata, na kitabu chake kilikaa magotini bila kufunguliwa. Mama alimwambia, "Umempa mtoto mume. Kula." Akala tonge mbili.

Siku ya ushirika tulikwenda wote. Ulipofika wakati wa kushuhudia, baba alisimama kutoka benchi la mbele na kugeuka kuwatazama watu. Alisema bila kuzungusha maneno. Alisema ule haukuwa mramba, ulikuwa umegeuka njiani. Kwamba alijua kabla ya kizibo kuanguka vizuri. Kwamba aliulizwa mbele ya mashahidi akasema uongo. Na kwamba aliwapa ndugu zake kunywa huku akijua.

"Hata mimi?" mwalimu wa kanisa aliuliza. Alikuwa amekauka.

"Hata wewe, ndugu yangu. Wewe kuliko wote. Nisamehe."

Mtu mmoja nyuma alikohoa kuficha kicheko, akakanyagwa mguu. Nilimhurumia mwalimu, maana aibu ilikuwa yake bila yeye kuitafuta. Alipozungumza alikuwa mpole. Alisema anasamehe, na Mungu anasamehe. Lakini posa iliyofungwa kwa uongo ifunguliwe. Watu wa Mabira waambiwe waje upya, kwa mramba wa kweli, ili ushuhuda usimame.

"Hawatakuja," baba alisema. "Yule mzee ameshatoa neno lake. Alikuja alivyoambiwa, na si yeye aliyeuharibu mramba ule."

"Basi Bwana atamletea binti yako mume mwingine aliye bora."

Kama baba angekubali, na kila kitu alichokuwa amekijenga tangu aokoke kilimtaka akubali, yule fundi asingekuwa wangu tena. Nilimtazama. Naye alikuwa anatazama sakafu.

"Uongo ni wangu, natubu," akasema. "Kunywa ni kwangu, natubu. Kuwanywesha ninyi ni kosa langu, natubu kwa machozi, mnayaona. Lakini kumpa binti yangu mume sitatubu. Hiyo msiiweke kwenye hesabu ya dhambi zangu."

Walimsihi. Walikuwa watu waliompenda, na ndiyo maana iliumiza. Mwishowe mwalimu akasema kwamba mtu anayebakiza kitu hawezi kuongoza wengine, na baba akasema ni haki. Alichukua kitabu chake kutoka mezani, akatembea katikati ya watu mpaka nyuma kabisa, penye mkeka karibu na mlango wanapokaa wenye watoto wanaolia. Akaketi. Wimbo ulipoanza aliimba kama kawaida. Hakurudi benchi la mbele tena maisha yake yote, wala hakuacha kwenda hata juma moja.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya migombani, mama mbele na majirani, mimi na baba nyuma. Kwetu baba na binti hawakuzungumza habari za wanaume. Ni shangazi walioachiwa hayo. Tulitembea mpaka tukafika penye kijito, naye akasimama ili nivuke kwanza. Sikuvuka. Nilimwambia, "Tata, wamekuondoa kwa ajili yangu."

Aliniangalia kwa macho yaliyokuwa bado mekundu, akaonekana mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau katikati ya shughuli.

"Sikukuuliza," akasema. "Niliuliza watu wote, wewe sikukuuliza. Unamtaka kweli, huyu kijana?"

Uso uliniwaka moto. Nilitazama maji. "Namtaka, Tata."

"Sana?"

"Sana."

Akatikisa kichwa taratibu, mara kadhaa, kisha akaniwekea mkono begani, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu niwe mkubwa.

"Haya," akasema. "Basi nimeshatubu vya kutosha."